Filamu Inayosimulika: Kuhusu Kudumu kwa Baadhi ya Picha Jijini Nairobi

Swali la kwa nini filamu fulani hudumu katika kumbukumbu za watu, hali nyingi nyingine husahaulika kabla ya mwaka kwisha, limezoea kujibiwa kwa kutaja umashuhuri wa waigizaji, gharama za utengenezaji, au tuzo. Majibu hayo hayatoshi, na ushahidi wa kuyapinga uko Nairobi kwenyewe. Out of Africa ya Sydney Pollack (1985) ilipigwa katika viunga vya magharibi mwa jiji, pande za Karen na Lang'ata. Iliigizwa na Meryl Streep na Robert Redford, ikatunukiwa Oscar saba. Hapana shaka kwamba imedumu, lakini imedumu kama mahali: nyumba ya Karen Blixen, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 1986, ingali inapokea wageni. Hata hivyo, ni nadra kumsikia abiria wa matatu itokayo Kawangware akimsimulia mwenzake mkasa wa filamu hiyo.

Filamu zinazodumu katikati ya jiji ni zile zinazosimulika. Kusimulika, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni uwezo wa kazi kutoka katika kiwambo na kuingia kinywani mwa mtazamaji bila kufa njiani. Sifa hii si sawa na wepesi wa hadithi. Zipo hadithi nyepesi ambazo haziachi chochote cha kusimulia.

Mfano ulio wazi ni Sholay ya Ramesh Sippy (1975). Picha hii huchukua zaidi ya saa tatu, na lugha yake haifahamiki kwa wengi wa watu wa Afrika Mashariki walioipenda. Nchini India mazungumzo yake, yaliyotungwa na Salim Khan na Javed Akhtar, yalipendwa kiasi cha kuuzwa katika santuri. Hapa utamu huo wa maneno uliwafikia hasa wenye kuijua lugha, kama vile wakazi wengi wa Ngara na Parklands wa siku zile. Wengine walipata nini? Walipata muundo. Thakur, afisa mstaafu wa polisi, anawakodi wafungwa wawili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Kijiji kinaposhambuliwa, bunduki iko miguuni pake, naye haiokoti. Wale wawili wanamlaumu, na mtazamaji anamlaumu pamoja nao. Ndipo kisa cha nyuma kinaposimuliwa na shali inapoanguka: Thakur hana mikono, Gabbar aliikata.

Tukio hilo halihitaji mkalimani. Tena linaigeuza filamu nzima, kwa sababu anayeitazama mara ya pili huiona ile shali tangu mwanzo, na kila Thakur anaposimama kimya mtazamaji ana siri asiyokuwa nayo mara ya kwanza. Ndiyo maana waliokwisha kuitazama walirudi na ndugu zao. Fasihi simulizi inaijua hali hii vizuri: hadhira ya ngano haikerwi na kuujua mwisho, bali huja kuona fanani ataufikiaje.

Majumba yaliyoonyesha picha za namna hiyo yamebadilika. Shan ya Ngara imekuwa ukumbi wa Sarakasi. Globe imebaki jina la mzunguko wa barabara, linalotajwa kila siku na makondakta ambao pengine hawajui kwamba palikuwa na sinema hapo. Picha zenyewe hazikufa. Zilihamia katika vibanda vya video na katika diski zilizouzwa River Road na Luthuli Avenue, na humo zikakutana na kundi jipya la wasanii, yaani wasimulizi wa filamu, ambao mashuhuri zaidi nchini Kenya ni DJ Afro. Uganda na Tanzania nazo zina wasimulizi wao. Huko Tanzania jina la Lufufu lilivuma.

Kazi ya msimulizi huyu imeitwa tafsiri, na jina hilo linaipunja. Yeye hutia sauti yake juu ya sauti za waigizaji, huwabandika wahusika majina ya utani, huonya, hucheka, huchochea, na mara nyingi hueleza jambo ambalo mtazamaji analiona kwa macho yake mwenyewe. Mhakiki aliyezoea maandishi ataliita hilo marudio yasiyo na haja. Lakini mtambaji wa ngano naye hueleza anachokiigiza kwa mikono, na hakuna anayemwambia anyamaze. Lugha yake ni Kiswahili cha mjini kilichochanganywa na Sheng, na humo picha ya Hong Kong au ya Bombay hupata uraia. Si kila usimulizi ni mzuri. Upo mwingi unaomeza ukimya wote wa filamu, na filamu isiyo na ukimya huchosha.

Kwa mtazamo huu, kudumu kwa Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga (2012) si jambo la kushangaza. Mara nyingi husemwa kwamba ilipendwa kwa sababu ya Sheng yake. Sheng peke yake haitoshi, kwani matangazo ya biashara yamejaa Sheng na hakuna anayeyakumbuka. La muhimu zaidi ni kwamba shujaa wake, Mwas, ni msimulizi wa filamu. Tunapokutana naye kijijini anauza video, na ili aziuze huziigiza mbele ya wateja. Kipawa hicho ndicho kinachompeleka Nairobi kutafuta uigizaji. Anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa korokoroni, na anapolazimishwa kusafisha choo kichafu cha humo anaigeuza fedheha kuwa mchezo. Hapo Joseph Wairimu, aliyetunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huohuo, anafanya kazi ambayo maneno ya mswada hayangeifanya peke yake. Baadaye kipawa kilekile kinamsaidia katika genge la Oti, wezi wa vipuri vya magari, na katika jukwaa la tamthilia. Kama ilivyo shali ya Thakur, lile igizo la mwanzo husomwa upya na anayerudi kuitazama.

Filamu ina kasoro. Amina hakupewa nafasi ya kutosha kuwa mtu kamili. Sehemu za mazoezi ya tamthilia, zenye Kiingereza kingi, zimekakamaa zikilinganishwa na mazungumzo ya genge, ambamo kila neno lina mwenyewe. Pengo hilo nalo linasema kitu kuhusu jiji, ingawa si hakika kwamba lilikusudiwa.

Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika iwe kitovu cha masomo. Dai hilo lilizaa ukusanyaji mkubwa wa ngano, methali na nyimbo, hasa kutoka mashambani. Usimulizi wa filamu, unaotendeka mwendo wa dakika chache kutoka Harry Thuku Road, haujapata bidii kama hiyo. Haki za kisheria za diski hizo zina mashaka, nazo zenyewe huchakaa na kutupwa, na vifaa vya kuzichezea vinapungua majumbani. Unukuzi wake si kazi rahisi, maana sauti mbili huenda sambamba, na pengine za lugha tatu. Lakini lipo jambo ambalo unukuzi tu ndio ungeweza kulithibitisha: shali inapokaribia kuanguka, msimulizi anayeujua mwisho hutoboa siri mapema, hungoja, au kwa mara moja hunyamaza?