Eugène Atget na Chumba cha Bwana R.

Picha ya jengo la kale huaminiwa upesi. Ukuta haujipambi mbele ya kamera, wala ngazi haitabasamu kwa kuwa imeona lenzi. Ndiyo maana Eugène Atget, Mfaransa aliyegeukia picha za Paris ya kale mwishoni mwa miaka ya 1890 baada ya uigizaji kumshinda, husifiwa kama shahidi asiyetia neno lake. Mwenyewe aliziita kazi zake hati tu. Mwaka 1926 Man Ray alipozitaka picha zake kwa jarida la wasanii wenzake, Atget aliomba jina lake lisitajwe.

Sifa hiyo naikubali nusu.

Kazi aliifanya. Alibeba kamera nzito ya mbao na negativu za kioo za sentimita 18 kwa 24, akapiga nyua, ngazi, vipini vya milango na vibao vya maduka. Kwa kuwa kioo kilihitaji mwanga wa muda, mpita njia aliyetembea alibaki ukungu, na jiwe likabaki jiwe. Makumbusho ya Carnavalet na Maktaba ya Taifa walikuwa wateja wake. Mwaka 1920 aliiuzia serikali ya Ufaransa negativu 2,621 kwa faranga 10,000. Hakungoja mtu amwambie lipi ni urithi. Alitangulia kupiga, hukumu ikafuata.

Lakini fungua albamu yake ya mwaka 1910 ya vyumba vya ndani vya Paris. Chini ya picha mojawapo imeandikwa kwamba hiyo ni nyumba ndogo ya mwigizaji, Bwana R., rue Vavin. Watafiti walikuja kubaini kuwa ni nyumba ya Atget mwenyewe, rue Campagne-Première. Kila kitu ndani ya picha ni cha kweli: samani, vitabu, mwanga. Uongo umekaa kwenye maandishi.

Wapo watakaocheka na kupita. Mimi naona jambo zito. Anayetaka kujua mwigizaji wa Paris aliishije mwaka huo atasoma samani zile kama ushahidi, na picha haina namna ya kumkanusha. Inajua kuonyesha chumba kilivyo, haijui kusema ni cha nani. Utani huo pia una ukweli ndani yake, kwa sababu Atget alikuwa kweli mwigizaji wa zamani. Amejificha na kujitaja kwa pumzi moja. Hati tu haifanyi hivyo.

Kwa hiyo nguvu yake siitafuti katika kutopendelea upande. Naiona wazi zaidi katika picha za mwaka 1912 na 1913, alipokwenda kwenye ukanda wa nje ya ngome za jiji, walikoishi waokota matambara na takataka. Hapo hapakuwa na nakshi wala lango la kifahari. Hata hivyo aliwapa vibanda vya mbao na mabati utulivu uleule aliowapa majumba ya makabaila: kamera imesimama sawa, kila ubao unahesabika, na wenyeji wamesimama mlangoni pao. Maandishi yanataja mahali na kazi yao, majina hayamo.

Vibanda vile vilivunjwa. Leo sehemu kubwa ya ukanda huo imelaliwa na barabara kuu ya kuzunguka jiji, iliyokamilika mwaka 1973. Majumba ya makabaila yalipata watetezi na sheria. Vibanda vilipata picha za Atget. Hapo ndipo ukosefu wa majina unapouma. Mtu aliyebuni Bwana R. kwa chumba chake mwenyewe aliujua uzito wa jina chini ya picha. Waokota matambara walisimama wakamtazama, nasi tunawatazama bado, bila kujua tuwaiteje.