Duka la Kushika

Katika maduka mengi ya vifaa vya nyumbani, bidhaa hukaa ndani ya maboksi. Mteja anaoneshwa picha, anatajiwa bei, boksi linafunguliwa dakika ya mwisho ili ahakikishe kifaa kinawaka, kisha linafungwa tena kwa solotepu. Vilivyo nje ya maboksi vimevikwa nailoni, na juu yake kuna karatasi inayokataza kugusa. Mama mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, aliamua kufungua duka la namna nyingine. Kila atakachouza, kimoja kiwe mezani, kimeunganishwa, kinafanya kazi, na mteja akishike na kukitumia kabla ya kutoa fedha yake. Uamuzi huo unasemeka kwa pumzi moja. Nilibahatika kuutazama ukigeuka kuwa duka, hatua kwa hatua, na ninaueleza hapa kwa sababu ni kazi ya ufundi kamili, ingawa wengi wanaopita barabarani wangeiita biashara tu.

Alikuwa fundi umeme kwa miaka mingi kabla ya kuwa mfanyabiashara, na hilo lilijidhihirisha mapema. Watu wa kawaida huanza na rangi ya ukuta na kibao cha jina. Yeye alianza na chaki na futi. Chumba kikiwa kitupu, alichora sakafuni kila chombo kwa ukubwa wake halisi: friji na upinde wa mlango wake unapofunguka, mashine ya kufulia na nafasi ya mtu kuinama mbele yake, meza ya majiko, meza ya taa, kona ya gesi. Kisha akaanza kutembea juu ya michoro ile. Alipita kama mtu mwenye kikapu cha sokoni. Akamwomba jirani mwenye mtoto mgongoni apite. Akamwomba mzee anayetembelea bakora apite, akatazama bakora ilipokanyaga. Palipobana alifuta kwa kitambaa chenye maji na kuchora upya. Njia kuu ilianza na mita 1, ikaishia mita 1 na robo, na meza mbili zikapotea ili njia hiyo ipatikane.

Ndipo akapiga hesabu ya umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000, si zaidi. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000, jiko la indaksheni wati 2,000 nyingine, pasi na presha kuka wati 1,000 kila moja. Nyumbani vitu hivi huwashwa kwa zamu. Dukani wateja watano wanaweza kuviwasha kwa pamoja. Kwa hiyo alikigawa chumba katika njia za umeme zinazojitegemea, kila njia na breka yake: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 6 kwa jiko kubwa la plate nne. Aliandika kwa penseli kwenye mlango wa kisanduku cha breka kila njia inalisha meza gani. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa, ili hata kijana mgeni aweze kuusoma kwa haraka.

Kuta zilichimbwa kwa tindo na nyundo, mabomba ya plastiki yakalazwa ndani, nyaya zikapitishwa kwa kuvutwa na springi ya chuma. Kahawia ni waya wenye moto, bluu ni nyutro, kijani chenye mistari ya njano ni eathi. Kwenye soketi alifanya jambo lile lile kila mara, na kila mara kwa mwendo ule ule. Alichuna ganda la waya milimita chache tu, akasokota nyuzi za shaba zikawa kitu kimoja, akaziingiza tunduni, akakaza skrubu, kisha akauvuta waya. Aliuvuta kwa nguvu, kama anataka kuuchomoa. Waya uliosogea hata kidogo ulitolewa na kazi kuanza upya. Sikumwona akiruka mvuto huo hata kwenye soketi ya mwisho ya siku, vijana wake wawili wakiwa wameshafunga mifuko ya vifaa. Skrubu za kufungia alichagua za shaba nyeupe, kwa kuwa hewa ya Tanga ina chumvi ya bahari na chuma cha kawaida hakidumu.

Nyuma ya duka walipigilia ardhini fimbo ya eathi yenye ngozi ya shaba, wakaipima kwa mita. Namba haikumridhisha. Wakapigilia ya pili hatua kadhaa kutoka ya kwanza, wakaziunganisha, wakapima tena. Ndani akafunga breka inayokata umeme pindi unapovuja, ile ya miliampea 30, akabonyeza kitufe chake cha majaribio ili asikie ikikata. Kijana mmoja aliuliza kwa nini asiridhike na eathi ya kwanza, maana maduka ya jirani hayana hata moja. Akamjibu, "Mwanangu, kule watu wanatazama. Hapa watashika."

Kona ya gesi ilikuwa na hesabu yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kutuama. Kwa sababu hiyo matundu ya kupitisha hewa aliyatoboa karibu kabisa na sakafu, na mtungi wa kilo 6 na wa kilo 15 aliiweka mahali ambapo hakuna soketi wala swichi. Alipofunga regyuleta, alikoroga sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka kila maungio kwa brashi, akachuchumaa kutazama. Hakuna povu lililochipuka, lakini hakuinuka mara moja. Kikombe kile na brashi ile vilibaki pale pale kwenye ndoano, kwa kuwa mteja naye atafundishwa kupaka na kutazama.

Bidhaa zilipofika na lori kutoka Dar es Salaam, kila mtu alitaka kuona friji likiwaka. Mama akauliza lilisafiri likiwa limesimama au limelala. Lilikuwa limelala. Basi likasimamishwa mahali pake, na plagi ikaachwa imening'inia hadi kesho yake, ili mafuta ya kompresa yaliyotawanyika kwenye mabomba yarudi chini. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ilikuwa na bolti nyuma yake, zinazoshikilia pipa la ndani lisiyumbe safarini. Ikiwashwa bila kuzitoa, inatikisika hadi kujiumiza. Alizifungua kwa spana moja baada ya nyingine, akaziba matundu kwa vizibo vilivyokuja na mashine, kisha akazitia bolti kwenye mfuko na kuufunga nyuma ya mashine ili mteja azione na aulize. Akaweka pimamaji juu ya mashine, akazungusha miguu yake, huu robo mzunguko, ule nusu, mpaka kiputo kikatulia katikati, kwa urefu na kwa upana. Alipoiwasha ikikamua kwa kasi, aliweka kikombe cha maji juu ya bati lake. Maji yalitetemeka bila kumwagika.

Kimo cha meza kilimsumbua kuliko umeme. Vitabu vya maelezo huchukulia kwamba mpishi amesimama. Lakini wapishi wengi wa mtaani hupika wakiwa wamekaa kwenye kigoda, jiko liko chini, mkono unasonga kutoka begani. Akatengeneza meza mbili: moja ya sentimita 90, na nyingine fupi yenye kigoda pembeni. Kisha likaja suala la ugali. Sufuria juu ya kioo laini cha jiko la indaksheni huteleza ugali unapoanza kukaza. Seremala alileta vizuizi viwili vya mbao, vikafungwa mezani kwa skrubu kila upande wa sufuria, bila kuigusa. Mama akasonga. Sufuria ikazunguka. Akaongeza kizuizi kidogo cha kushika mkono wa sufuria, akasonga tena, safari hii unga ukiwa mwingi zaidi kuliko ambavyo mtu angehitaji kwa chakula cha mchana. Ilitulia.

Jiko hilo linapasha chombo kwa nguvu ya sumaku, na sufuria za aluminiamu zilizojaa majumbani mwetu halizitambui. Hili angeweza kulieleza kwa maneno. Badala yake alifunga sumaku ndogo kwenye uzi na kuining'iniza pembeni mwa jiko. Mteja aje na sufuria yake, aigusishe kitako. Sumaku ikinasa, sufuria inafaa. Isiponasa, atajua mwenyewe kwamba gharama ya jiko ni pamoja na sufuria mpya, na atajua kabla ya kulipa.

Kwenye meza ya taa aliweka balbu mbili, ya zamani ya wati 60 na ya LED ya wati 9, mwanga wake ukikaribiana, kila moja na kipima umeme chake. Nje, kibarazani, alisimamisha paneli ndogo ya sola iliyounganishwa na mita. Juu ya paa paneli kubwa iliinamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa Tanga iko digrii 5 hivi kusini mwa Ikweta, na ili mvua ioshe vumbi. Ile ndogo ya kibarazani ni ya mafunzo: mteja anaifunika kona kwa upande wa kanga yake na kuona namba ikiporomoka. Baada ya hapo hahitaji kuhubiriwa kuhusu kivuli cha mwembe.

Maharage aliyapika mara nyingi kabla ya kufungua mlango. Nusu kilo, presha kuka, kipima umeme kati ya plagi na soketi. Alibadilisha kiasi cha maji, akabadilisha muda, akajaribu yaliyolowekwa na makavu, na kila mara aliandika kwenye daftari. Maharage yaliyolowekwa yaliiva kwa chini ya nusu uniti ya LUKU. Namba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kadi. Kila kifaa kilipata kadi iliyoandikwa kwa mkono, yenye mistari minne: kinafanya nini, kinakula wati ngapi, kazi moja ya kawaida inamaliza uniti kiasi gani, na kitu gani huharibika kwanza pamoja na bei ya kipuri chake. Mstari wa nne sijauona katika duka lingine lolote.

Kilichobaki ni vijana. Aliwafundisha kusimama hatua moja nyuma ya mteja, mikono mgongoni. Wasibonyeze kitufe kwa niaba yake. Wasimalizie sentensi yake. Akikosea, wasubiri agundue, isipokuwa pana hatari. Kwa kijana anayejua jibu, kunyamaza ni kazi ngumu, na walirudia zoezi hilo jioni nyingi, wao kwa wao, mmoja akijifanya mteja.

Siku ya kufungua ilisomwa dua, halua na kahawa zikapita. Bibi mmoja wa mtaa wa pili akasimama mbele ya presha kuka iliyokuwa ikichemka, akiwa mbali nayo kidogo.

"Shikamoo bibi. Karibu ushike."

"Marahaba mwanangu. Hiki si ndicho kinachopasuka?"

Mama hakubisha. "Jaribu kukifungua, bibi."

Bibi akasita, akashika mfuniko, akazungusha. Haukwenda. Akakaza mkono, haukwenda. Akaoneshwa kipini kidogo kilichoinuka: kikiwa juu, mfuniko umefungwa na mvuke. Akapewa kijiko cha mbao asukume vali mwenyewe, kwa mbali. Mvuke ukatoka kwa kelele, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Kipini kikashuka. Safari hii mfuniko ulizunguka kwa vidole viwili. Akaonja harage moja, akatafuna taratibu, akauliza limekula uniti ngapi. Kijana akanyoosha mkono kuelekea kipima umeme, bila neno, na bibi akaisoma namba mwenyewe. Hakununua siku ile. Alisema atarudi na maharage yake, na mama akamwambia aje nayo.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo kubwa na jema, na linahitaji nyaya, mitungi, ruzuku na sera. Lakini kati ya sera na chungu kuna mkono wa mpishi, na mkono una maswali yake: kitapasuka, kitateleza, kitamaliza umeme, sufuria yangu itafaa? Maswali hayo hayajibiwi na tangazo. Yanajibiwa na mtu aliyevuta kila waya, akapigilia eathi ya pili, akasonga ugali wa ziada, akapika maharage mpaka namba yake ikawa ya kuaminika, kisha akasogea pembeni. Kila mji wenye soko unastahili duka moja la aina hii, na anayetaka kulifungua aanze pale mama huyu alipoanzia: chumba kitupu, chaki na futi, na muda wa kutosha wa kufuta na kuchora upya.