Sadfa na Mkakati katika Mapambano ya Pokémon

Katika uhakiki wa riwaya na tamthilia, sadfa huhesabiwa kuwa udhaifu wa msuko pale inapochukua nafasi ya sababu. Mhusika anayeokolewa pasipo tendo lake mwenyewe hamridhishi msomaji. Je, kigezo hiki chaweza kutumiwa kuuhakiki mchezo wa vidio ambao bahati imefumwa ndani yake kwa makusudi? Makala haya yanalijadili swali hili kwa kurejelea Pokémon, mchezo wa kupambanisha mazimwi wa kubuni uliotolewa nchini Japani mwaka 1996 na kubuniwa na kampuni ya Game Freak, chini ya uongozi wa Satoshi Tajiri.

Tofauti na bao, ambapo wachezaji hupokezana zamu na kete zote zi wazi, hapa washindani huamua kwa wakati mmoja, kila mmoja akikisia nia ya mwenzake. Isitoshe, baadhi ya mapigo huweza kukosa. Tuchukue mfano wa mapigo mawili ya moto. Tangu 2013, Flamethrower lina nguvu 90 na kwa kawaida halikosi. Fire Blast lina nguvu 110, lakini hupata mara 85 katika kila 100. Kwa wastani, la pili lina thamani ya 93.5, yaani linalizidi la kwanza kidogo. Hata hivyo, mchezaji ambaye nguvu 90 zinamtosha kumwangusha adui hana sababu ya kujihatarisha. Yule ambaye hazimtoshi ndiye apaswaye kuthubutu. Mkakati, basi, haupingani na bahati. Ni sanaa ya kuchagua bahati ya kuikabili na wakati wa kuikabili.

Lakini si kila bahati ina thamani sawa kifani. Katika matoleo ya 1996, kosa la programu lilifanya mapigo mengi yaliyokusudiwa yasikose kamwe yakose mara 1 katika 256. Aidha, kiumbe aliyegandishwa hakuweza kuyeyuka mwenyewe, na aghalabu alibaki hivyo hadi mwisho wa pambano. Hapa mchezaji amenyang'anywa tendo, na hii ndiyo sadfa tunayoilaumu katika riwaya. Matoleo ya 1999 yalipompa kiumbe huyo uwezekano wa kuyeyuka, yalirekebisha dosari ya kisanaa.

Fainali ya mashindano ya dunia ya 2014, mjini Washington, yathibitisha hoja yetu. Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme aliyedharauliwa na wengi. Katika mapambano ya wawili kwa wawili, kindi huyo aliyavuta mapigo ya adui kwake ili mwenzake apate nafasi ya kushambulia. Kuuita ushindi huo muujiza ni kupotosha, kwani uimara wa kindi ulikuwa umeandaliwa kabla ya pambano. Bahati ingaliweza kumgeuka Park, ila alikwisha kuifungia milango mingi.

Kwa hiyo, kumhukumu mchezaji kwa tamati peke yake ni uhakiki haba. Yapasa tuuchunguze uamuzi wake kwa kuzingatia yale aliyoweza kuyajua alipoamua. Aliyeshindwa kwa pigo lililokosa huenda alichagua vyema, na aliyeshinda huenda alibahatika tu. Mhakiki wa tanzia analijua hili tangu zamani: anguko la shujaa, peke yake, si ushahidi wa upumbavu wake.