Gauni la bluu

Kipindi cha pili, Kidato cha Kwanza, shule ya kata pembezoni mwa Mbagala. Mwalimu wa BTP, binti ambaye bado ni mwanachuo aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, amewataka watoto watazamane, kila mmoja aseme mwenzake amevaa nini. Kijana wa dawati la nyuma anainuka, anajikohoza, anamwelekezea mwalimu kidole kisha anakirudisha haraka kwa adabu: “Teacher has wear a blue gown.”

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kwenye kiti kilichoazimwa ofisini, nikingoja neno nililolisikia miaka yote ya shule: kosa, kaa chini, mwingine. Halikuja. Binti yule alinyamaza mpaka kicheko kikaisha chenyewe, akageuka, akaandika ubaoni neno moja la Kiswahili: amevaa.

Akalikata vipande vitatu kwa chaki ya rangi: a, me, vaa. Akawauliza, kwa Kiingereza chepesi cha polepole, kama mtu amevaa, kazi ya kuvaa imekwisha au inaendelea? Wakabishana. Imekwisha, kashavaa. Haijaisha, mbona gauni liko mwilini? Wote walikuwa sahihi, na hapo ndipo alipokuwa akiwavutia. Kiswahili kinamtazama mtu aliyevaa kikaona tendo lililokwisha likaacha matokeo. Kiingereza kinamtazama mtu yuleyule kikaona hali inayoendelea: she is wearing. Kijana wa nyuma hakuwa amekosea kufikiri. Alikuwa ameitafsiri “me” kwa uaminifu mkubwa kuliko sisi tuliomcheka.

Kisha akavuta chini ya meza manila iliyoviringishwa na mpira, akaibandika. Ilikuwa imeandikwa tangu usiku: amekaa, amesimama, amelala, amebeba, amechoka. Kumbe kosa alikuwa amelitegea, kama mvuvi ategavyo dema mahali anapojua samaki watapita. Watoto wakaanza kugeuza maneno yale mmoja mmoja. Walipofika “amechoka” wakakwama, maana hilo halikubali “ing” ya wenzake. Wakaambiwa tired, na ubishi ukaanza upya.

Lile “gown” nalo hakuliacha. Aliwaambia tu kwamba gauni tulilichukua kwa Waingereza, tukakaa nalo, wao wakaendelea na dress kwa vazi la kila siku. Akapita. Dakika moja haikufika.

Nimekaa nyuma ya madarasa ya Temeke na Kinondoni mara kadhaa, na siku hizi sidanganywi na lafudhi. Wapo wanaotamka kama watangazaji wa redio ya London, na watoto wanawatazama kama wanavyotazama televisheni yenye sauti iliyozimwa. Ufundi wa mwalimu wa Kiingereza katika nchi hii, ninavyouona, uko kwenye sikio. Lazima asikie Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza cha mtoto. Na ili akisikie, lazima awe anakijua Kiswahili kwa undani ambao wengi wetu tunaokizungumza tangu kunyonya hatuna.

Sikio hilo hunolewa kwa taratibu. Mkoani hapa chuo kimojawapo kinachojulikana kwa kazi hiyo ni DUCE, pale Chang'ombe, jirani na viwanja vya mpira, kilichofanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Mwanachuo wa ualimu huanza kwa kufundisha wanachuo wenzake, watu wazima na ndevu zao wakijifanya Kidato cha Pili. Waliopita hapo husema wenzako ni wakatili kuliko watoto. Baadaye ndipo huja mafunzo kwa vitendo, BTP, na mashuleni unawaona: viatu vipya, mkoba wenye rula na chaki, karatasi za manila zikichungulia dirishani mwa daladala ya Rangi Tatu.

Andalio la somo la binti yule nililiomba nikalisoma. Dakika 40 zimegawanywa kama mama anavyogawa kitoweo: utangulizi, maarifa mapya, kukazia maarifa, tafakuri, hitimisho. Jedwali hilo kila mwanachuo alikuwa nalo, halikunishangaza. Nilisimama kwenye mstari wa chini, pale pa tathmini ya mwalimu, ambapo wengi huandika kwamba somo limeeleweka hata kabla kengele haijalia. Yeye, kwa somo la juzi yake, alikuwa ameandika: “Nimezungumza mno. Safu ya dirishani haikusema neno.”

Hilo alifundishwa na mwalimu mwenyeji, mama anayekaribia kustaafu. Mbele ya wanafunzi humwita “Mwalimu” bila kupunguza herufi. Ofisini humwita “mwanangu”, naye huitikia “abee mama”. Mama huyu hukaa nyuma na daftari, na kila mtoto anapotamka sentensi nzima ya Kiingereza huchora kijiti. Kipindi kikiisha hampi hotuba. Humkabidhi karatasi yenye vijiti. Siku ya kwanza vilikuwa vinne, katika darasa linalokaribia watoto 90. Siku ya gauni sikuvihesabu, ila karatasi ilikuwa imejaa upande mmoja.

Mambo ya kusikiliza ni mengi. Chukua “th” ya think, inayosumbua watu mpaka vyuo vikuu. Mtoto hana haja ya kuoneshwa picha ya ulimi kwenye kitabu kilichochapwa Uingereza. Anayo tayari kwenye “thamani”, na ile ya this anayo kwenye “dhahabu”. Akisema sink badala ya think, mpeleke kwanza kwenye thamani, aone ilivyo tofauti na samani, kisha mvushe. Au he na she. Mtoto aliyekua na “yeye” hajawahi kulazimika kutangaza jinsia kabla ya kitenzi, kwa hiyo baba yake anakuwa she sentensi nzima bila kukusudia utovu wa adabu. Tena kuna jibu la swali la kukanusha. Muulize kwa Kiingereza kama hajala, atajibu yes, akimaanisha ndiyo, sijala. Mwalimu asiye na sikio atadhani mtoto ameshiba.

Mtoto huyu anafika hapa kwa sera: tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shule ya msingi ya serikali husomesha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili, haikuwa. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd kutoka Uingereza wakapima wanafunzi wakakuta Kiingereza chao hakitoshi kusomea, lakini wakashauri kibaki na kiimarishwe, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Waingereza. Mabishano hayo yana wenyewe. Mimi najua kwamba Januari ijayo mtoto wa Charambe ataingia Kidato cha Kwanza, na biolojia itamsubiri kwa Kiingereza kama vile maji yanavyomsubiri asiyejua kuogelea.

Pale Pugu, kwenye vilima vya mwisho wa jiji, Julius Nyerere alifundisha mpaka 1955. Alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 alikuwa anafanya, kwa kipimo cha Shakespeare, kazi ileile ya binti wa Mbagala na neno “amevaa”: kushika lugha mbili mkononi, kila moja ikiipimia nyingine uzito.

Kuna jambo la kukera. Shule ile ya Mbagala ina bango mlangoni mwa ofisi linaloonya kwamba asiyesema Kiingereza hahudumiwi, na mabango ya namna hiyo yamejaa nchini. Binti aliogopa kwamba msimamizi kutoka chuoni, akikuta neno la Kiswahili ubaoni, angempunguzia alama. Nilimuuliza mama mwenyeji. Akacheka, akafunga daftari lake. “Neno moja la Kiswahili limeleta sentensi ngapi za Kiingereza? Mwambie huyo msimamizi ahesabu vijiti.” Mimi niko upande wake. Kumkataza mtoto wa Kidato cha Kwanza lugha pekee anayoweza kuulizia ni kumziba mdomo, na mdomo uliozibwa haufundishwi matamshi.

Wakuu wa shule, walimu wa BTP wakiripoti msiwagawie mikondo minne kila mmoja mkashukuru kupata mapumziko. Mpeni kila mmoja mwenyeji wa kukaa naye nyuma ya darasa, mwenye daftari na kalamu, na kipindi kikiisha wapewe nusu saa ya kuzungumza, hata kama ni chini ya mwembe.