Kalamu Inayofuta "s"

Katika daftari la mwanafunzi wangu mmoja mna sentensi hii: "The girls washed their hairs and covered their heads." Kosa ni herufi moja, tena imejibanza mwisho wa neno, pale jicho linapopita mbio. Wasichana ni wengi, vichwa ni vingi; nywele zimekosa nini? Kwa Kiswahili ni nyingi kweli, na ukiutoa mmoja unaitwa unywele. Mtoto hakukosea hesabu.

Muuza duka angemwelewesha upesi kuniliko. Mayai huyahesabu, mchele huupima. Waje wateja kumi, mchele utabaki mchele. Kinachoongezeka ni vibaba. Kiingereza kimetia "hair", "advice", "luggage" na "patience" katika gunia la mchele. Abiria hamsini wakisahau mizigo, ni "their luggage". Ukitaka kuhesabu ushauri, leta kibaba: "two pieces of advice". Otto Jespersen, mwanasarufi wa Denmark, alizieleza nomino za namna hii katika The Philosophy of Grammar, mwaka 1924, akizitenga na za vitu vya kuhesabu. Wala tusimcheke Mwingereza. Sisi tunasema maji yamemwagika, hata likiwa tone.

Lakini kukariri orodha si ufundi. Ufundi ninaousifu ni wa mhariri anayejua neno limesimama upande gani leo. Watu sita wakifa ajalini, ataandika "six people lost their lives", maana kila mmoja alikuwa na uhai wake. Watu sita hao hao wangechoka kusubiri basi, angeandika "lost their patience", kana kwamba subira waliichota katika mtungi mmoja. Kwa nini uhai ugawanywe na subira isigawanywe? Sina jibu la kuridhisha, na sidhani mhariri analihitaji. Sikio lake linamtosha, kama mpishi asiyepima chumvi. Akimaliza, msomaji hajui kama kuna mtu alipita hapo.

Sikumwandikia mwanafunzi kanuni yoyote. Nilifuta "s" ya "hairs", nikaiacha ya "heads", nikamrudishia daftari. Akalitazama kitambo.

"Mwalimu, na nikikuta nywele mbili kwenye mchuzi?"

"Hapo irudishe."