Hifadhi, Ghala na Kihenge: Uhakiki wa Istilahi za Kuunganisha Seva na Ghala la Flashi

Tangu mwaka 1973 ilipokatwa shauri kwamba makao makuu ya Serikali yawe Dodoma, na hasa tangu mwaka 2016 wizara zilipoanza kuhamia huko kwa wingi, mji huo umekuwa mahali pa kukusanyika maandishi ya dola. Mengi ya maandishi hayo hayamo tena katika majalada. Yamo katika seva, na seva nyingine haziyaweki tumboni mwao bali huyapeleka kwa njia ya mtandao katika ghala la flashi lililo kando. Yafaa kuuliza kama istilahi za Kiswahili zaweza kuibeba kazi ya kuuwezesha mfumo endeshi wa seva kulitambua ghala hilo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulimfaa mtu wa mezani. Fundi wa seva hakuwa ndiye aliyekusudiwa.

Neno la kwanza ni flashi. Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba na kutangazwa mwaka 1984. Jina lasemekana lilitolewa na mwenzake, kwa kuwa kufutika kwa data kwa mkupuo mmoja kulimkumbusha mmweko wa taa ya kamera. Jina basi latokana na kufuta, wala si kuweka. Hilo halidhuru. Linalodhuru ni kwamba mitaani flashi ni kile kijiti cha mfukoni, na msomaji akiambiwa "flashi ya mtandaoni" huwaza kijiti. Heri kusema ghala la flashi.

Kumbukumbu lina shida nyingine. Mjini Dodoma kipo Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu, na hapo neno lamaanisha kisichopasa kupotea. Katika kompyuta neno lilo hilo limepewa sehemu ambayo umeme ukikatika husahau kila kitu. Maana mbili zinazopingana zimekaa katika nyumba moja, na hakuna aliyezitenga.

Hifadhi ndilo neno lililoenea zaidi, nalo lahitaji tahadhari. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula waonyesha matumizi sahihi: hifadhi ni lengo, yaani akiba iliyolindwa; vyombo vyenyewe huitwa maghala na vihenge. Wakala ulipojengewa mapipa marefu ya chuma, Dodoma ikiwamo, watu hawakutafuta jina jipya. Walisema vihenge vya kisasa. Watunga istilahi za kompyuta wamekiita chombo kwa jina la lengo, na fundi asomaye kwamba data "imehifadhiwa" aweza kuridhika bila kufanya nakala rudufu. Kuweka si kuhifadhi.

Lakini penye hatari kubwa ni vitenzi. Kuunganisha kumebebeshwa matendo manne. Katika njia ya NVMe kupitia mtandao, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2016 na kuingia katika Linux mwaka huohuo, seva kwanza hutafuta: huliuliza ghala lina nini cha kutoa, na ghala hulitazama jina la seva kabla ya kujibu. Pili huunganisha, na hapo kilicho mbali huonekana kama diski ya ndani, kwa jina kama /dev/nvme1n1. Tatu diski hufomatiwa, iwapo ni mpya. Nne hupachikwa katika saraka, ndipo faili zionekane. Fundi aliyebadilisha seva iliyoharibika ahitaji la kwanza, la pili na la nne. Akilifanya la tatu, yaliyokuwamo yamekwenda. Mwongozo unaosema tu "unganisha na uandae diski" wamwongoza shimoni, maana kuandaa ni neno laini mno kwa tendo linalofuta.

Kubaya zaidi ni "hifadhi ya pamoja". Kwa NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems mwaka 1984, msemo huo ni wa haki: yuko mtunza faili mmoja, na seva nyingi humwendea yeye. Kwa NVMe au iSCSI hayupo. Kila seva hudhani diski ni yake peke yake; mbili zikiipachika moja kwa mfumo wa faili wa kawaida kama ext4 au XFS na kuandika, kila moja huvuruga hesabu ya mwenzake, na faili huharibika kimyakimya. Iko mifumo ya faili iliyotungwa kwa ajili ya seva nyingi, ila hiyo yapasa kuchaguliwa kwa kujua. Neno "pamoja" lamwambia fundi kinyume cha hayo.

Hapo nyanda za kati zina la kutoa. Ghala laweza kuwa la wengi. Kihenge cha nyumbani ni cha kaya moja, na asiye wa kaya hachoti. Sehemu ya ghala inayotengewa seva moja yaweza kuitwa kihenge bila kumpoteza mtu. Yupo atakayepinga kwamba kijana wa mjini hakijui kihenge ila kile cha chuma cha Wakala, kinacholisha taifa zima, si kaya. Pingamizi hilo lina uzito, na wenye kusanifu istilahi hawana budi kulijibu kabla neno halijatiwa katika vitabu.