Buibui Asiye na Anwani: Sandarusi ya Pwani Ilivyochimbwa, na Inavyosomwa Leo

Dalali wa vito mjini Voi akipokea jiwe, kwanza huliinua kwenye mwanga kutafuta dosari. Ufa, wingu, doa la grafiti: kila kimoja kinakata bei. Mkusanyaji wa buibui wa kale walionaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kama jiwe, hupiga hesabu hiyo kinyume. Kipande kilicho safi kabisa hakimfai kitu. Anachotaka ni huo uchafu, wenye miguu minane. Ila macho yanayohitajika ni yale yale, na ndiyo maana naamini fani hii, ambayo husimuliwa kana kwamba ni mali ya watu wa Bahari ya Baltiki peke yao, ingeeleweka Mwatate au Kasigau haraka kuliko katika miji mingi yenye vyuo vikuu.

Kwanza tuondoe tumaini la bure. Miamba inayotoa tsavoraiti na rubi upande wa Mangari na Kasigau ni ya kile wanajiolojia wanachokiita Ukanda wa Msumbiji. Ilipikwa chini ya ardhi miaka ipatayo milioni 600 iliyopita, kwenye joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi. Kaharabu huanza kulainika kabla joto halijafika hata nusu ya hapo. Na hata kama ingestahimili, hapakuwa na wa kunaswa, kwani buibui wa kwanza wanaojulikana waliishi miaka milioni 300 hivi iliyopita. Vito vya Taita vimewatangulia buibui wote duniani. Anayekuuzia ganeti yenye "mdudu" ndani anakuuzia ama madini meusi ama uongo.

Sasa shuka na barabara ya Mombasa. Ile miamba iliyopikwa inabaki nyuma, unaingia kwenye tabaka za mchanga ulioshikamana: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras, zikizidi kuwa changa kadiri bahari inavyokaribia. Mazeras kuna magogo yaliyogeuka mawe. Ukifika pwani yenyewe, katika misitu kama Arabuko-Sokoke na mingine inayofuatana kusini hadi Tanzania na Msumbiji, unakutana na mti unaotuhusu. Ni msandarusi, ambao wanasayansi wanauita Hymenaea verrucosa. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu unaonata. Utomvu huo ukidondoka, ukafunikwa na mchanga na kukaa humo karne kwa karne, ndio sandarusi.

Sandarusi si kaharabu, ingawa wachuuzi wa mapambo hupenda kuchanganya. Katika kaharabu, mafuta mepesi yamekwisha kuvukiza na molekuli zimefungamana kwa mamilioni ya miaka hadi kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi. Sandarusi bado iko njiani. Mwaka 2020 Mónica Solórzano-Kraemer na wenzake walipendekeza mipaka: utomvu wa kuanzia miaka milioni 2.58 iliyopita hadi mwaka 1760 uhesabiwe kuwa sandarusi, na uliotoka mtini baada ya hapo uwe na jina lake. Mwaka 1760 unaonekana kuchaguliwa kwa bahati nasibu, lakini una mantiki: ndipo enzi ya viwanda ilipoanza, na misitu nayo ikaanza kupoteza wakazi wake kwa kasi. Vipande vingi vya Madagaska vinavyouzwa kwa hadithi za mamilioni ya miaka vimepimwa kwa kaboni-14 vikaonekana vina miaka mia chache tu.

Katika karne ya 19 pwani yetu ilifukuliwa kwa ajili ya mali hii kuliko wakati mwingine wowote ninaoujua. Wachimbaji wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, walichimba mashimo mafupi kwa majembe, mara nyingi mahali ambapo misandarusi ilikwisha kutoweka zamani. Mzigo ulivushwa hadi Unguja, ukachambuliwa, ukauzwa Bombay, Hamburg na Salem kule Massachusetts. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika kwenye ubalozi wa Uingereza Unguja mwaka 1866, aliandika juu ya daraja zake: ile iliyobanduliwa mtini, ile mbichi iliyookotwa karibu na mizizi iliyoitwa chakazi, na sandarusi ya kweli, ya ardhini, iliyokuwa na bei kubwa kuliko zote. Kirk ndiye aliyeonyesha kwamba zote zinatoka kwa mti wa aina moja. Kinachozitenganisha ni muda.

Jinsi mzigo ulivyosafishwa inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo sayansi ilipopata hasara. Bonge la ardhini hutoka na ganda jepesi lililochakaa, limeshikana na mchanga. Lilitumbukizwa kwenye maji makali ya magadi, ganda likalainika, likapigwa brashi. Chini yake ulionekana uso wenye vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na vipele hivyo ndivyo mnunuzi alivyovipapasa kuhakikisha kwamba hajauziwa chakazi. Kwa biashara, ni kipimo cha busara. Lakini ganda na mchanga wake ndivyo vilivyobeba ushahidi wa udongo bonge lilikotoka na muda lililokaa humo. Baada ya hapo lilisafiri hadi kiwandani, likayeyushwa kwa joto kali, likachanganywa na mafuta ya kitani kuwa vanishi ya mabehewa na samani. Buibui aliyekuwamo aliungua pamoja na mengine yote.

Vipande vichache viliponea kwenye makabati ya wapenda maumbile, na vingi vikaandikwa neno moja: Zanzibar. Unguja ilikuwa ghala na bandari. Bonge lenyewe lingeweza kutoka popote kati ya Bagamoyo na Kilwa, au mbali zaidi. Buibui aliye ndani yake utamhesabu macho, utamchora miguu, utampa jina la Kilatini, lakini huwezi kusema aliishi msitu gani wala alizikwa kina gani. Mimi nikipewa kuchagua kati ya buibui kamili asiye na anwani na nusu buibui mwenye daftari la shimo alikotoka, nitamchukua nusu.

Basi kazi hufanywaje inapofanywa sawasawa? Bonge hupigwa picha likiwa bado na udongo, hupewa namba, na namba hiyo huandikwa pamoja na mahali, kina na aina ya mchanga. Kisha hujaribiwa kama ni kitu cha kweli. Tone la asetoni kwenye pembe isiyo na kitu huacha sandarusi ikinata, kaharabu haitikisiki. Maji yaliyokolea chumvi huelesha kaharabu na sandarusi pia, na huzamisha kioo na baadhi ya plastiki, kwa hiyo jaribio hilo maarufu haliwezi kutenganisha zile mbili. Sindano ya moto hutoa harufu ya utomvu, au moshi mkali wa plastiki. Maabara hutumia mionzi ya infraredi, inayosoma kemia bila kugusa kitu.

Kung'arisha ndiko kunakohitaji mkono wa fundi, na hapa fundi wa vito wa Voi angelazimika kusahau nusu ya aliyojifunza. Sahani ya almasi inayozunguka kwa kasi inafaa kwa ganeti; kwenye sandarusi joto lake hugeuza uso kuwa gundi ndani ya sekunde chache. Kinachotumika ni msasa wa maji, kwa mkono, kuanzia namba 400 hivi kupanda hadi 2000 na kuendelea, maji yakimiminika wakati wote, kisha kitambaa laini. Kipande hakingʼarishwi mviringo kama kidani. Hukatwa dirisha moja bapa juu ya mgongo wa buibui, jingine upande wa macho, na ikiwezekana la tatu chini ya tumbo. Ukizidisha nusu milimita umekata mguu, na mguu ukishafika hewani huoza. Anayeharakisha hapa anaharibu kilichongoja miaka elfu.

Sandarusi ina ugonjwa wa pili: hupasuka. Uso wake hukauka, ukatengeneza mtandao wa nyufa ndogo hadi ndani hakuonekani tena. Ndiyo maana vipande vya thamani huzungushiwa epoksi ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kisha hukaa gizani, mahali pasipo joto. Dirisha la duka linalopigwa na jua la Voi ni adui yake.

Chini ya hadubini, uso usio bapa hupindisha picha. Tiba yake ni rahisi ajabu: tone la shira ya sukari na kipande chembamba cha kioo juu yake, kwa kuwa shira hupitisha mwanga karibu sawa na utomvu, na huoshwa kwa maji bila kudhuru. Mtazamaji huanza na mpangilio wa macho, kisha vile viungo viwili vifupi vilivyo kando ya mdomo. Kwa dume aliyekomaa, ncha zake zimevimba na kuwa na umbo la pekee kwa kila spishi. Bila hizo, utambulisho mara nyingi huishia kwenye familia. Bahati ni kwamba madume hunaswa sana, kwa sababu wao ndio wanaotangatanga kutafuta majike.

Pale mwanga unaposhindwa, eksirei huingia. Mwaka 2007 David Penney wa Manchester na wenzake wa Ghent walichapisha picha za pande tatu za buibui wa kiasi cha milimita moja katika kaharabu ya bonde la Paris, ya miaka milioni 53, bila kukata chochote zaidi. Ni Penney huyo huyo aliyeeleza mwaka 2005 matone ya damu yaliyomtoka buibui mmoja wa kaharabu ya Jamhuri ya Dominika na kuyatumia kukisia mwendo na mwelekeo wa utomvu uliomfunika. Ushahidi wa aina hii humsaidia pia mnunuzi. Aliyenaswa kweli alipigana: mguu umekatika, viputo vimezunguka mwili, mawimbi ya utomvu yamepinda. Aliyekaa katikati, miguu imepangwa sawasawa, na mstari wa kiungio unaonekana ukigeuza kipande kwenye mwanga, huyo alitiwa humo na mtu.

Hata mkusanyo halisi haupaswi kusomwa kama sensa ya msitu. Mwaka 2018 kundi la Solórzano-Kraemer lilichapisha matokeo ya kulinganisha utomvu wa misandarusi hai ya Madagaska na mitego ya wadudu iliyowekwa kwenye miti hiyo hiyo. Utomvu ulinasa hasa wakazi wa shina na walio jirani nalo. Buibui wa majani ya juu au wa ardhini karibu hawamo.

Kaharabu yenyewe Afrika Mashariki haipo mbali sana: Ethiopia, kaskazini mwa Addis Ababa, ipo. Ilipotangazwa mwaka 2010 ilikadiriwa kuwa na miaka milioni 95. Uchunguzi wa baadaye ukaishusha hadi kati ya milioni 16 na 23, na kuuhusisha utomvu huo na ukoo wa msandarusi wetu. Marekebisho ya ukubwa huo yanatosha kumfanya mtu adai kujua tabaka kabla ya kushangilia kiumbe.

Na viumbe hao wana jamaa hai. Mwaka 1854 Koch na Berendt walieleza kutoka kaharabu ya Baltiki buibui mwenye shingo ndefu na taya ndefu, mfano wa ndege mwari. Alidhaniwa ametoweka, hadi mwaka 1881 jamaa yake aliye hai alipoelezwa kutoka Madagaska. Mwaka 2018 Hannah Wood na Nikolaj Scharff waliongeza spishi mpya 18 za kisiwa hicho. Scharff huyo ametumia miaka mingi katika Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita na kuishia kusini mwa Tanzania. Jenasi ya Scharffia, iliyopewa jina lake mwaka 1997, ni ya familia ambayo visukuku vyake vimeelezwa kutoka Baltiki. Kwa hiyo anayetaka kumsoma buibui wa kaharabu atahitaji pia waliohifadhiwa kwenye spiriti kutoka misitu ya Taita kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ili awe na wa kulinganisha naye.

Kwa Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inataka leseni kwa anayetafuta visukuku, na kibali kwa anayevitoa nchini. Aliyeokota bonge mchangani bila kulitafuta apige picha ya shimo, aandike kina, alifunge na udongo wake kwenye karatasi, kisha alipeleke makumbusho. Asilioshe.